Maswali ya Wasomaji: Tambo, Mikwara na Jina la Mpiganaji

Barua za mara hii nyingi zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote ni za vijana wa MMA, mchezo wa kizimbani unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, ambao kupigana wameshajua. Kinachowasumbua ni kujulikana. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Swali: Napigana uzani wa kilo 61. Nimecheza mara nne, zote nimeshinda. Kocha ananiambia sina mdomo, na bila mdomo nitaozea hapahapa. Kwa asili mimi ni mkimya, hata nyumbani wananisema. Je, nijifunze kutukana? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

Jibu: Usijifunze, mdogo wetu. Mkali wa kuigiza hujulikana kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na watu wakishamcheka hawamwogopi tena. Lakini kocha naye hajakosea moja kwa moja. Kinachokuponza si ukimya. Ni kwamba mtu akitoka ukumbini hana cha kusimulia juu yako zaidi ya "yule dogo anajua".

Mtazame Demetrious Johnson. Alitetea mkanda wa kilo 56.7 wa UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, mara 11 mfululizo. Fundi wa mafundi. Hata hivyo mapambano yake hayakuwa yakiuza sana, na mwaka 2018, miezi michache baada ya kupoteza mkanda, UFC ilimwachia aende ONE Championship, kampuni ya MMA ya Asia, na badala yake UFC ikamchukua kutoka huko Ben Askren, mtu wa maneno mengi. Khabib Nurmagomedov hakuwa mpiga kelele, ila alipanda mizani na kofia ya manyoya ya kwao Dagestan, na hata mtoto alijua atakachofanya: atakuangusha, atakukalia juu, hutainuka. Alistaafu Oktoba 2020 akiwa na ushindi 29 bila kupoteza hata pambano moja. Francis Ngannou wa Kameruni huongea kwa sauti ya chini kabisa, lakini nani hajui kwamba utotoni alichimba mchanga machimboni kule Batié? Hadithi moja, fupi, ya kweli, na inaeleza ngumi zake zilikotoka.

Fanya hivi. Tafuta watu watano waliokuona ukipigana, wasiwe ndugu zako wala watu wa jimu yako. Kila mmoja akueleze kwa sentensi moja, kama anamwambia mtu ambaye hakuwepo. Sentensi tatu zikifanana, hiyo ndiyo sura yako. Ishikilie hiyo, usibuni nyingine. Wote wakisema "anajua tu", bado huna sura.

Na kwa mkimya, kazi kubwa hufanywa na namna ya kuingia. Wewe ni mtu wa Dodoma, na hapo una mali ambayo vijana wa Dar hawana: muheme, ngoma ile wanawake wa Kigogo huibana mapajani na kuipiga. Ikilia ukumbini, asiyekujua atauliza umetoka wapi. Ila faili la muziki likate vizuri: ngoma ianze sekunde ya kwanza, kwa sababu fundi mitambo hatasubiri utangulizi wa nusu dakika ukiwa umeshafika mlangoni mwa kizimba. Mpelekee siku moja kabla, na nakala nyingine awe nayo kocha kwenye simu. Kama ni rekodi ya kikundi, omba ruhusa yao kwanza.

Swali: Nikishinda napewa maikrofoni, nasahau kila kitu. Mara ya mwisho nilishukuru watu mpaka nikanyang'anywa. Nifanyeje ili nimwite mpinzani ninayemtaka? (Msomaji, Kizota)

Jibu: Mahojiano ya kizimbani ni dakika moja, ukibahatika mbili, na ndiyo dakika ghali kuliko zote kwa sababu promota yupo, kamera inawaka na watu bado wamesimama. Usiifanyie kazi ukiwa kizimbani. Ifanyie kazi wiki mbili kabla.

Kwanza jina. Chagua mtu mmoja tu. Awe wa uzani wako, asiwe na pambano lililokwisha kupangwa, awe amekuzidi kidogo, na awe chini ya promota anayeweza kumleta. Mwenye mapambano matatu akimwita bingwa anachekwa. Akimwita mwenye mapambano sita aliyemshinda mwenzake wa jimu, hiyo ni habari. Rekodi za wapiganaji zikague kwenye tovuti za Tapology au Sherdog, maana wapanga mapambano nao huangalia hukohuko. Kama yako imeandikwa vibaya, omba irekebishwe mapema.

Pili, sentensi tatu: ulichofanya leo, unayemtaka na sababu, wapi na lini. Kwa mfano: "Nilisema nitamwangusha raundi ya kwanza, nimemwangusha. Fulani, ulimpiga ndugu yangu kwa pointi ukikimbia raundi tatu nzima, mimi sikimbizani, nafunga mlango. Mwezi wa kumi, hapahapa Dodoma, promota yuko pale anasikia." Haizidi sekunde 25. Shukrani kwa kocha na mdhamini zipe pumzi moja, mwishoni, au zipeleke kwenye simu yako usiku ule.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapofeli: mazoezi ya kuongea hufanywa ukiwa unahema. Ukikariri umekaa kwenye kochi, maneno yatakuwepo kwenye kochi tu. Piga begi raundi tatu za dakika tano, kisha papo hapo mwenzako akushikie simu kama maikrofoni akuulize swali. Moyo unapokwenda mbio sauti hupanda juu na maneno hukimbia. Siku yenyewe, toa kinga ya meno kwanza (usicheke, kuna watu wanaongea nayo mdomoni), futa damu, nywa funda moja, vuta hewa kwa pua mara mbili. Maikrofoni mwachie mtangazaji aishike mwenyewe.

Kinachoua dakika hii kuliko vyote ni "niletewe yeyote". Inasikika kama ushujaa, lakini promota hawezi kuiandika kwenye bango. Kinachofuata ni kutaja watu watatu kwa mpigo. Kesho yake hakuna hata mmoja anayejiona ameitwa.

Kichekesho kinaruhusiwa, kikiwa chako. Oktoba 2018 Derrick Lewis alikuwa anapoteza kwa Alexander Volkov, akamzimisha zikiwa zimebaki sekunde 11, kisha akavua bukta kizimbani na kueleza bila aibu kwamba huko ndani kulikuwa na joto. Dunia nzima ilicheka, na mwezi uliofuata alikuwa anagombea mkanda. Alipoteza, ila jina lilikuwa limeshapanda. Bila zile sekunde 11, lakini, angekuwa mtu mzima aliyevua bukta hadharani.

Swali: Mpinzani wangu amerusha video akimtukana mama yangu na kabila langu. Rafiki zangu wanasema nimjibu vilevile, eti ndiyo MMA. (Msomaji, Singida)

Jibu: Pole, kaka. Tusidanganyane: matusi yanauza. Khabib na Conor McGregor walipokutana Oktoba 2018, baada ya miezi ya maneno yaliyogusa dini, baba na taifa, pambano liliuza kuliko lolote la UFC. Lakini soma na bili yake. Khabib alishinda, akaruka kizimba kuwavamia wa upande wa pili. Tume ya michezo ya jimbo la Nevada, Marekani, ikamtoza dola 500,000 na kumfungia miezi 9, McGregor dola 50,000 na miezi 6. Aprili mwaka huohuo, kule Brooklyn, McGregor alirusha kitoroli cha mizigo kwenye basi lenye wapiganaji. Vioo vikawajeruhi wawili, na mapambano matatu yakafutwa. Wengi wa waliofutiwa hawakuhusika na ugomvi ule. Kampuni yenye mabilioni inaweza kumeza hasara kama hiyo. Promota wa ukumbi wa Singida hawezi. Ataacha tu kukupigia simu.

Na sisi tuna chombo chetu kizuri kuliko matusi. Mnyamwezi anaweza kufika msibani kwa Mzaramo akatania mpaka jeneza, na asiguswe, kwa sababu utani una mipaka inayojulikana na pande zote: unamtania mtani, si mpita njia, na zamu yako ikifika unavumilia. Kwenye kizimba mpinzani wako ndiye mtani. Mtanie kuhusu pumzi yake kuisha raundi ya pili, miguu yake kuacha wazi teke, uzani anaoukosa kila mara, mdomo wake kuwa na rekodi nzuri kuliko mikono. Mama, kabila, dini, maradhi na ndoa viko nje ya uzio.

Kwa video hiyo: ihifadhi, na upige picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti. Mpelekee promota. Kumtusi mtu mtandaoni kwa asili au kabila lake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo kumjibu vilevile ni kujiweka naye kwenye faili moja. Siku hiyo usijibu kitu. Kesho yake toa video moja ya sekunde 15, ukiwa umetulia: "Mama yangu hapigani. Mimi ndiye napigana, tarehe fulani." Basi, ya pili isiwepo. Akiendelea peke yake, watu watamchoka mapema kuliko unavyofikiri.

Swali: Karim Mandonga kapigwa mara ngapi na bado ukumbi unajaa? Basi si mdomo tu unatosha? (Msomaji, Mpwapwa)

Jibu: Mandonga Mtu Kazi ni bondia, si mtu wa MMA, lakini swali ni halali. Watu wanamkumbuka kwa kelele, wanasahau ufundi uliomo ndani ya kelele zile. Aliipa ngumi jina. Kabla ya kwenda Nairobi Januari 2023 kupigana na Daniel Wanyonyi, alitangaza "Sugunyo", na watu wakakaa kwenye viti wakisubiri kitu chenye jina. Ikaja, akashinda. Marudiano ya mwaka huohuo akapoteza, na bado kila mtu alijua alichokuwa anasubiri. Sasa wewe jiulize: ukitamba, mtazamaji anasubiri nini hasa? Kama ni "nitampiga vibaya", hakuna cha kusubiri. Kama ni "raundi ya pili atagonga mkeka kusalimu amri kwa kabali ya shingo", amepata sababu ya kutotoka kwenda msalani.

Ila tambo ya namna hiyo ni deni lenye tarehe. Agosti 2010, kwenye UFC, Chael Sonnen alikuwa amemsema bingwa Anderson Silva kwa miezi, watu wakidhani anabwabwaja. Akamtawala raundi nne nzima, mpaka Silva alipomkaba kwa miguu raundi ya tano zikiwa zimebaki chini ya dakika 2. Alipoteza, lakini deni karibu lote alilipa, ndiyo maana marudiano ya 2012 yaliuza. Angeanguka raundi ya kwanza, nani angetaka kuyaona tena?

Hakimu wa kwanza wa tambo, kwa taarifa yako, ni mizani. Mwenye mdomo akizidi uzani hukatwa malipo, mara nyingi asilimia 20 au 30, na kila alichosema wiki nzima kinageuka kichekesho. Ukiona kilo haziendi, punguza na maneno.

Swali: Narekodi video za mazoezi lakini hazitazamwi. Sauti mbovu, upepo mtupu. (Msomaji, Ipagala)

Jibu: Upepo wa Dodoma, hasa Juni mpaka Septemba, hauna adabu na maikrofoni ya simu hauiachi. Nje, ongea saa moja asubuhi kabla haujaamka, au simama nyuma ya ukuta ukiupa upepo mgongo. Kimaikrofoni cha kubana shatini kivishe sponji; ukikosa, kipande cha soksi ya sufu kinafanya kazi ileile. Kibane sentimita 15 hivi chini ya kidevu, na mkufu uvue, utagongagonga. Hata waya wa spika za masikioni wenye kipaza sauti unashinda simu iliyoegeshwa mita tatu. Ndani ya jimu ya bati yenye mwangwi, tundika blanketi au egesha mikeka nyuma ya kamera.

Mwanga uwe mbele yako. Mkiwa ndani, kamera iwe mlangoni na wewe utazame nje. Ukigeuza, utakuwa kivuli kinachoongea. Futa kioo cha kamera, vumbi letu hili unalijua.

Sasa kwa nini hazitazamwi hata sauti ikiwa safi: unaanza na "habari zenu wapendwa mashabiki". Sekunde tatu za kwanza weka tukio lenyewe, mtu anaanguka au teke linatua, kisha ndipo useme. Jumla sekunde 30 mpaka 45, simu wima, maneno yameandikwa chini kwa sababu wengi hutazama kwenye daladala sauti imezimwa. Na usirushe mazoezi ya mbinu unayotaka kuitumia wiki ijayo! Mpinzani naye ana bando.

Swali: Mimi ni msichana, nasoma UDOM. Promota anataka picha za nguo ndogo kwa ajili ya bango, anasema wanawake huuza hivyo. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Dada, mwaka 2011 bosi wa UFC, Dana White, alisema wanawake hawatapigana UFC kamwe. Februari 2013 Ronda Rousey alikuwa anaongoza usiku mzima wa mapambano, na alichouza kilikuwa kiwiko cha mpinzani: kila mtu alijua ataukamata mkono na kuukunja. Februari 2015 alifanya hivyo kwa sekunde 14. Mpe promota picha zako mwenyewe kabla hajakuomba zake: tatu zinatosha, moja umekunja ngumi ukitazama kamera, moja ya tukio, moja ukiwa na mkanda au medali, zote kwa mavazi ya pambano. Kwenye mkataba ongeza mstari mmoja: "Picha za matangazo zitakuwa za mavazi ya pambano na zitaidhinishwa na mpiganaji kwa maandishi." Anayekataa mstari huo amekueleza mapema atakavyokutendea kwenye malipo.

Swali: Promota kanipa tiketi 50 niuze mwenyewe. Ni sawa? (Msomaji, Kondoa)

Jibu: Ni kawaida, ilimradi asilimia yako imeandikwa. Tiketi 50 za shilingi 10,000 kwa kamisheni ya asilimia 10 ni shilingi 50,000, basi. Usipange mambo ya laki tatu. Kila tiketi iandike kwenye daftari, namba na jina la mnunuzi. Usikopeshe, hata kwa mjomba, maana ukipigwa watu hulipa polepole. Wiki ya mwisho, unapopunguza uzani, kazi hiyo mkabidhi mtu mwingine, na zilizobaki zirudishwe kwa maandishi.

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi. Kijana mpiganaji amekuja kuomba udhamini. Nitajuaje kama silipii hewa? (Msomaji, Majengo)

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Muulize maswali mawili: pambano lini na nani, na bukta na fulana ni mali ya nani. Kuna mapromota wanaouza wenyewe kila nafasi. UFC iliwaondolea wapiganaji wadhamini wa mavazi ya kizimbani mwaka 2015. Kama kijana hajui jibu, arudi akaulize.

Badala ya fedha mkononi, lipia kitu: tiketi za treni ya kwenda Dar yeye na kocha, vipimo vya damu vya UKIMWI na homa ya ini B na C, au chakula cha wiki nane. Wewe upate fulana siku ya kupima uzito, video mbili akiwa dukani kwako, na picha za ushahidi. Nusu toa sasa, nusu baada ya picha.

Na fulana ile isimamie mwenyewe. Vijana huandika jina la duka, kauli mbiu, mtaa, namba mbili za simu na picha ya mfuko wa saruji. Kutoka mita 10 hakisomeki kitu. Herufi ziwe za sentimita 8. Mgongo wa fulana una sentimita 30 hivi, kwa hiyo ni neno moja fupi, na chini yake namba ya simu iliyovunjwa mistari miwili, tarakimu tano tano.

Swali: Nilitamba sana, nikapigwa raundi ya kwanza. Nifute video zangu? (Msomaji, Kongwa)

Jibu: Usifute, watu wameshazipakua na wataona umezikimbia. Machi 2016 McGregor alinyongwa na Nate Diaz raundi ya pili, akakaa mbele ya waandishi usiku uleule na kusema alitumia nguvu zake ovyo. Agosti wakarudiana, akashinda kwa pointi. Wewe rusha video moja, sekunde 20: mpongeze kwa jina, taja kosa moja la kiufundi ("niliacha shingo nilipomwangusha"), sema utarudi mwezi gani. Usitaje refa, usitaje jeraha. Lakini si usiku huo. Kama uligongwa kichwa, usiku huo ni wa hospitali, na simu akae nayo kocha mpaka kesho yake mchana.